Jumbe Nne za Mheshimiwa

Hakimu alikataa katakata. Alisema amekaa kwenye kiti cha hukumu mpaka kiti chenyewe kimechoka, ana wajukuu, hajawahi kumtukana hata mbuzi wa jirani, na leo anaambiwa amtishe mwanamke kwa simu? Tena mwanamke askari?

"Ni mazoezi, Mheshimiwa," Mkufunzi alimwambia.

Mkufunzi alikuwa wakili mwembamba wa umri wa binti yake wa mwisho, na jambo hilo peke yake lilitosha kumchosha Hakimu tangu asubuhi. Walikuwa wamekusanywa ukumbini, mahakimu, waendesha mashtaka na askari, wafundishwe namna ya kushughulikia ukatili wa mtandaoni dhidi ya wanawake na watoto. Bango la mafunzo lilikuwa refu kuliko ukuta, hata maneno "na watoto" yakalazimika kukunja kona na kuishia nyuma ya meza ya chai.

Zoezi lilikuwa hivi. Wawili wawili. Mmoja anatisha, mwenzake anatishwa, kwa ujumbe wa simu, kutoka kwenye laini walizopewa kwa kazi hiyo. Anayetishwa asijibu wala asifute kitu, na asimwambie mtu yeyote nyumbani mpaka kesho jioni, ili aonje jinsi kimya hicho kinavyokaa kifuani. Anayetisha asiache kuigiza, hata apigiwe simu na nani.

"Nitawajaribu bila kuwaarifu," Mkufunzi alionya. "Atakayeacha kuigiza, hapati cheti."

Hapo ndipo Hakimu alipolegea. Cheti alikitaka. Hakimu mwenzake wa mahakama ya jirani alikuwa na vyeti vitatu ukutani, vyote kwenye fremu, na kila mgeni akiingia lazima aelekezwe avitazame.

Mwenzake kwenye zoezi alikuwa Sajini wa dawati la wanawake na watoto katika kituo kimoja cha polisi mjini humo, mama mnene kiasi, mcheshi, mwenye sauti ya kuamuru. "Mheshimiwa, nitishe bila wasiwasi," alimwambia. "Mimi nimezoea."

Hakimu akakaa na simu mkononi. Akaandika "Habari za jioni." Akafuta. Akaandika "Nakutahadharisha." Akafuta hiyo nayo, maana ilisomeka kama hati ya kuitwa mahakamani. Alitafuta ubaya moyoni mwake na, kwa kweli, hakuupata. Ndipo akakumbuka maneno fulani aliyowahi kuyasikia yakisemwa mbele yake kazini, uso wake ukachangamka, akaanza kuandika bila kusimama.

*

Nyumbani kwa Sajini chakula cha jioni kilikuwa na burudani yake. Mumewe alikuwa fundi wa friji, mtu wa maneno machache kazini na mengi sana nyumbani. Dada yake Fundi, ambaye Sajini alimwita Wifi na nyumba nzima ikafuata, aliishi nao tangu alipopata kazi katika duka la dawa. Wote watatu wakikaa mezani, Sajini huanza kusimulia ya dawatini. Majina hayataji. Lakini sauti! Atakuigizia mwanamke wa saluni analia huku anatafuna bazoka, atakuigizia mzee anaapa kwamba akaunti ile si yake ila picha ni yake. Fundi hucheka mpaka anashika mbavu. Wifi naye zamani alikuwa akicheka.

Jioni ile Sajini alikula kimya, kama alivyoagizwa na Mkufunzi, akaenda kuoga. Simu yake ikabaki mezani kando ya bakuli la mchuzi. Ikawaka. Ikawaka tena. Fundi si mtu wa kupekua, na mkewe asingemwacha awe, lakini simu ilikuwa imelala chali na macho anayo.

*Picha zako zile ninazo, na nyingine hujui kama zilipigwa.*

Fundi alirudisha tonge sahanini.

*Usijidanganye kwamba nitachoka. Nina hasira za haraka na bando la mwezi mzima.*

*Nitaanza na wateja wako, nimalizie na fundi viatu wa kona.*

*Ukilia, lia polepole, majirani wasijue kabla sijawaambia mwenyewe.*

Fundi alitoa simu yake akapiga picha kioo cha simu ya mkewe, namba na vyote, kwa haraka hata picha ya kwanza ikatoka ya bakuli la mchuzi tupu. Alikuwa na wivu, asidanganye mtu. Picha zipi? Alizipiga nani? Lakini chini ya wivu kulikuwa na hofu, na hofu ndiyo iliyoshinda. Mke wake, ambaye hunyamaza tu akiwa mgonjwa, alikuwa amekula wali mzima bila neno.

Alimfuata dada yake jikoni, akamsomea kwa kunong'ona. Wifi alikuwa anasuuza sahani. Aliposikia bando la mwezi mzima, alifunga bomba la maji. Aliposikia fundi viatu wa kona, alikaa juu ya ndoo.

Maneno yale alikuwa anayajua. Yalikuwa yake. Alitumiwa yeye na mwanamume aliyekuwa karibu kumchumbia, ambaye yeye alimkataa. Alikwenda kushtaki katika kituo cha upande wa pili wa mji, akapanda mpaka mahakamani bila mtu wa nyumba hii kujua, na kesi ikatupwa. Alibadilisha laini, akabadilisha njia ya kwenda kazini, akadhani yamekwisha. Sasa, kwa fikra zake, yule mwanamume alikuwa amehamia kwa wifi yake, na kosa ni la yeye aliyenyamaza.

"Kaka, usiende kituoni," alisema.

"Kwa nini?"

Alikuwa na jibu, lakini jibu lilikuwa na mkia mrefu. Angelianza, ingebidi alimalize. "Watakucheka," alisema tu.

"Mimi? Friji yao naitengeneza mimi!"

Wifi hakulala vizuri. Asubuhi Sajini alipoondoka kwenda mafunzoni, bado amefunga mdomo na anajisikia mwanafunzi hodari, Fundi alivaa shati la harusini akaelekea kituoni. Wifi aliomba ruhusa dukani akamfuata. Njia nzima aliyapanga maneno ya kumwambia kaka yake, na kila alipoyapata ya mwanzo, ya mwisho yalimpotea.

*

Konstebo wa kaunta alifurahi kumwona. "Shemeji! Friji inagandisha mpaka soda."

"Sikuja kwa friji," Fundi alisema, akashusha sauti. "Kuna jamaa yangu. Mke wake anatishwa kwa simu. Habari za picha."

"Aha." Konstebo alisogeza kiti kwa hamu. "Picha zikoje?"

"Sijaziona."

"Jamaa yako kaziona?"

"Hajaziona."

"Sasa mnajuaje kama ni mbaya? Labda za pasipoti." Konstebo aligeuka nyuma akawaambia wenzake, kwa sauti ya kuita teksi, "Jamani, kuna mke wa jamaa wa Shemeji kapigwa picha!" Askari wawili waliokuwa wanakunywa chai wakaja na vikombe vyao. Watu wa kwenye benchi wakanyoosha shingo. Simu ya Fundi ikachukuliwa, ikapita mkono huu na ule, kila mmoja akisoma kwa sauti na kutia madoido yake. Mmoja alicheka penye bando mpaka chai ikamwagika.

Wifi alisimama karibu na mlango akiyasikiliza maneno yake yanasomwa kwa mara ya nne katika maisha yake. Mara ya kwanza aliyasoma peke yake. Mara ya pili aliyasema mahakamani. Mara ya tatu alinong'onezewa jikoni. Hii ya nne kulikuwa na chai.

"Huyu mwanamke naye," alisema askari wa chai, "kwa nini alipiga picha hizo?"

"Nani kasema alipiga?" Fundi alikuwa anatokwa jasho. "Hebu nipelekeni dawatini."

"Dawati ni mkeo," Konstebo alisema. "Na mkeo yuko mafunzoni, anajifunza mambo haya haya. Jamaa yako asubiri tu mpaka arudi. Siku mbili si nyingi."

"Hawezi kusubiri."

"Shemeji, huyo jamaa yako na yeye ni fundi friji?"

Fundi akatazama shati lake la harusini. Alitaka kusema hapana, na akasema, "Ni mke wangu. Ni Sajini."

Ungewaona! Vikombe viliwekwa chini. Kofia zikavaliwa. Aliyecheka penye bando alisimama wima kana kwamba anapandishiwa bendera. Kumtisha askari? Askari wa kituo hiki? Swali la picha zikoje halikuulizwa tena. Kitabu kilifunguliwa, kalamu inayoandika ikapatikana, na Konstebo akatangaza kwamba mhalifu atakamatwa kabla ya saa ya chakula. Wifi aliona jinsi mlango uliokuwa mzito kwake ulivyo mwepesi kwa mwenzake, akauma mdomo.

Konstebo alikuwa na mbinu moja ya upelelezi, nayo ni kupiga simu. Aliipiga namba ile, akaweka sauti kubwa wote wasikie.

Kule ukumbini ilikuwa mapumziko. Hakimu aliona namba asiyoijua, akatabasamu. Mkufunzi huyo, anamjaribu. Alijikohoza, akaiongezea sauti yake unene.

"Nani wewe?" aliuliza Konstebo.

"Mimi ndiye mwenye picha," alijibu Hakimu. "Na zako ninazo."

Konstebo alishtuka, akajishika kifungo cha shati. "Zangu zipi?"

"Unazijua mwenyewe."

Wenzake Konstebo wakamtazama kwa namna mpya. "Uko wapi?" alifoka.

"Nipo ukumbi wa mikutano, karibu na meza ya chai," Hakimu alisema kwa majivuno. "Ukiwa mwanamume, njoo."

*

Waliingia ukumbini askari watatu, Fundi na Wifi nyuma yao. Hakimu alikuwa amevaa shati la maua, maana waliambiwa waje bila suti. Konstebo alipiga namba ile kwa mara nyingine, simu ikalia kwenye mfuko wa maua, na kabla mzee hajameza andazi pingu zilikuwa mkononi.

"Mimi ni hakimu!" alisema, makombo yanamtoka.

"Wote husema hivyo," alijibu Konstebo, ambaye kwa kweli hajawahi kukutana na aliyesema hivyo.

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mwendesha mashtaka mmoja alisimama juu ya kiti apate kurekodi. Walisema mradi huu una pesa, umeleta mpaka waigizaji. Makofi yalizidi Fundi alipomrukia Hakimu na kumshika ukosi huku anauliza picha ziko wapi, na yakapungua tu Sajini alipopiga ukelele ule wa gwaride.

"Baba Nani! Mwachie Mheshimiwa!"

Ilichukua muda kueleza. Sajini alieleza, Mkufunzi alieleza, Hakimu alieleza akiwa amefungwa. Fundi alipoelewa kwamba hakuna picha, haijawahi kuwapo picha, na mkewe alinyamaza kwa sababu ya cheti, alikaa kitako sakafuni akacheka na kulia kwa pamoja. Konstebo alitafuta ufunguo wa pingu mfuko wa kulia, wa kushoto, ndani ya kofia. Ulikuwa umebaki kaunta. Akamtuma mwenzake.

"Haya, tukubali," alisema Mkufunzi, akijifuta machozi ya kicheko. "Mheshimiwa amefaulu. Jumbe hizi zinatisha kweli. Umeyatoa wapi maneno haya?"

Hakimu, hata na pingu, alivimba kidogo. "Kuna kesi ilikuja mbele yangu. Msichana mmoja aliyataja yote, ujumbe mmoja baada ya mwingine. Yalinikaa kichwani. Ni kama nayasikia mpaka leo."

"Kesi iliishaje?"

"Niliitupa. Alikuwa amezifuta jumbe zenyewe. Alikuwa anazisema kwa kukumbuka tu, na nikamwambia mahakama haiwezi kutegemea mambo ya kukumbuka."

Hakuna aliyecheka. Baadhi walikuwa wanatazama chini, kwa sababu na wao waliwahi kusema hivyo, siku fulani, kwa mtu fulani. Mkufunzi alifungua mdomo ili aeleze sheria, lakini sauti ya mlangoni ilimtangulia.

"Zilikuwa tano, Mheshimiwa."

Wote waligeuka. Wifi alikuwa amesimama pale pale alipoingilia, mkoba wa dukani begani.

"Umetuma nne," alisema. "Neno kwa neno. Mimi niliposema nakumbuka, ulisema watu husahau. Wewe mbona hukusahau?"

Hakimu alimtazama. Alimtazama kwa bidii, kuanzia kilemba mpaka viatu, kama mtu anayetafuta namba ya nyumba gizani. Na kila mtu ukumbini aliona kwamba hamjui.

"Maneno yangu unayo," Wifi alisema. "Mimi mwenyewe umenisahau."

"Mdogo wangu," Fundi alianza kuinuka.

"Kaka, kaa. Nimekwisha simama; nikikaa tena, sitasema." Alivuta pumzi. "Ule wa tano aliuacha. Hebu aseme kwa nini."

Hakimu alilamba midomo. "Haukufaa kwa zoezi," alisema polepole. "Ulikuwa unamtaja wifi yake huyo msichana. Kwamba ni askari. Na huyu Sajini yeye mwenyewe ndiye…" Akaishia hapo. Hakimu si mjinga. Alimtazama Sajini, akamtazama Wifi, akayainamisha macho kwenye pingu zake.

Wifi aliusema mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, bila madoido. "*Mwambie wifi yako askari. Kesho atakusimulia mezani na sauti yako ataiga.*"

Sajini alikuwa amesimama kando ya bango, pale penye kona. Alitafuta sauti ya kujibia. Kila sauti aliyoizoea ilikuwa ya mtu mwingine.

"Ndiyo maana hukuja kwangu," alisema mwishowe.

"Nilikuwa nacheka na mimi, Wifi," alijibu Wifi, na hapo ndipo machozi yalipomtoka. "Wale walionitangulia nilikuwa nawacheka na mimi."

Mkufunzi aliuliza kwa upole kama anataka maelezo yake yachukuliwe upya, maana jambo hili linafunguka tena, na jumbe zilizofutwa zina njia za kutafutwa. Wifi alijifuta kwa kitambaa cha kichwa. Akawapitia wote kwa macho: Hakimu na pingu zake, Konstebo na kofia yake, mwendesha mashtaka aliyekuwa anashuka kwenye kiti kwa aibu, wifi yake.

"Kuna mmoja hapa ambaye amekwisha faulu mafunzo?" aliuliza.

"Bado," Mkufunzi alikiri. "Mtihani ni kesho."

"Basi maelezo uyachukue wewe. Na mlango ufungwe."

*

Ukumbi ulitolewa nje wote, mahakimu na waendesha mashtaka, mpaka mpishi wa chai na birika lake. Walisimama juani kama watoto wa shule waliofukuzwa kwa ajili ya ada. Konstebo alipita mbele ya mlango mara moja, akaonekana anataka kuuliza jambo, akaona afadhali aende kumtazama aliyefuata ufunguo.

Kwenye korido kulikuwa na benchi moja. Fundi alikaa, Sajini akakaa katikati, na Hakimu, kwa kuwa hakuna aliyemwambia akae wapi, akakaa mwisho. Mikono aliiweka mapajani, pingu juu ya suruali. Ndani walisikia sauti ya Wifi, lakini si maneno. Ilipanda, ikashuka, ikapanda tena. Fundi alishika mkono wa mkewe. Ulikuwa baridi.

Walikaa hivyo mpaka chai ya birika ikapoa. Hakuna aliyewaambia maelezo yamebaki kiasi gani, na hakuna aliyethubutu kubisha hodi.

"Sikumtambua," Hakimu alisema, kwa sauti ndogo ambayo mahakama yake haijawahi kuisikia. "Alisimama mbele yangu mchana mzima, nikaandika kila alichosema. Na sikumtambua."

Sajini alikuwa anautazama mlango.

"Wewe ulikaa naye mchana mmoja, Mheshimiwa," alisema. "Mimi naishi naye."